Pedi za Breki na Mteremko wa Mama

Nakumbuka asubuhi moja kule Muyama, mwanangu, ukungu umelala mpaka kwenye migomba, nami nimekaa nyuma ya usukani wa gari langu jekundu. Mama yangu mzazi alikuwa amesimama mlangoni kwake, amejifunga kitenge mpaka shingoni kwa baridi, akinitazama. Nilikuwa nakaribia kukanyaga breki mbele yake, na kwa mguu ule mmoja nilikuwa naomba kitu ambacho mama hakuwahi kumpa dereva yeyote.

Hiyo ilikuwa mwaka 2013. Wewe mwanafunzi wangu wa zamani umenunua gari lako la spoti juzi, ukanipigia simu: "Mwalimu, nifunge pedi gani za breki?" Ulitaka jibu la neno moja. Jibu ninalo, lakini mama yangu yumo ndani yake, na mama yangu hakuwa mtu wa kuharakishwa. Kaa, nikusimulie.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia Kasulu mjini, binti wa watu waliovuka kutoka Burundi bila kitu zaidi ya majembe na watoto. Nililima maharage Nyakitonto kila likizo, nikaweka akiba ya mshahara, nikajinunulia kigari cha milango miwili kilichotoka Japani, cha chini, chekundu, chenye mngurumo wa kukera wazee. Watu wakakiita Inzuki, kwa Kiha ndiyo nyuki, kwa sababu ulikisikia kabla hujakiona. Wageni walikuwa wakiuliza, "Hili gari la nani?" huku wakitafuta mwanaume wa kumtazama. Nikawa najibu, "La huyu unayemwona." Najisifu, ndiyo. Nimelitolea jasho, acha nijisifu.

Lakini gari lile lilikuwa na abiria mmoja ambaye halikuweza kumpata, naye ni mama.

Mama alikuwa akipanda gari kwenye tambarare na kwenye kupanda mlima. Likifika ukingoni mwa mteremko, atagonga kioo kwa kidole. Dereva asimame, mama ashuke, ateremke kwa miguu taratibu na fimbo yake, gari limsubiri chini, apande tena. Ndivyo alivyokuwa akisafiri, tangu mimi mtoto. Zamani, yeye na mdogo wake walipanda juu ya magunia kwenye lori asubuhi moja, na kwenye mteremko wa kwanza breki hazikukamata. Mama aliruka akaumia kidogo. Mama mdogo alitoka pale na mguu usiokunjika mpaka anaingia kaburini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nani angemcheka?

Mimi sikumcheka, ila niliumia. Kwenye harusi ya kaka yangu mkubwa, mama aliteremka mlima wa Muyama kwa miguu kwenye mvua. Wewe huujui mlima huo. Unaanza pale pale mlangoni kwake na kwenda chini mpaka mtoni, kona juu ya kona, moramu tupu, bila lami. Alipofika kanisani Kasulu, pete zilikuwa zimeshavishwa. Hakwenda mbele kwenye kiti alichowekewa. Alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, ili asichafue benchi kwa matope ya kitenge chake. Mama wa bwana harusi, mwanangu, amesimama mlangoni kama mpita njia. Aliimba na kucheka na watu, lakini jambo lile mimi sikulisahau.

Sasa mdogo wangu Ezekieli alikuwa anaoa. Nikaapa kwamba safari hii mama atakaa benchi la mbele, kitenge kikavu, kabla bibi harusi hajaingia. Gari ninalo. Kilichobaki ni mama kukubali kukaa ndani yake mpaka chini ya mlima, na mzee hasukumwi garini kama gunia.

Pedi zangu zilikuwa zimeisha, zinapiga mluzi mpaka mbuzi wanageuka. Nikapanda Muyama kumwambia mama kwamba nafunga mpya, nzuri, za bei. Nilitarajia afurahi. Akaendelea kuchambua maharage kwenye ungo.

"Hizo breki," akaniuliza mwishowe, "zikilala baridi usiku kucha, asubuhi zinashika mara ya kwanza?"

"Mama, ni mpya."

"Oya, hapana, sikuuliza upya. Lile lori nalo lilishika, mwana wanje. Lilishika mara ya tatu. Mara ya tatu tulikuwa tumeshafika bondeni."

Nilishuka na swali hilo. Nakwambia kweli, nimesoma chuo, nimefundisha miaka mingi, na sijaulizwa swali bora kuliko lile.

Gereji yangu ilikuwa ya fundi Hamisi, mtu wa Ujiji, mzaha mwingi mdomoni lakini kwenye breki hatanii. Aliniwekea aina tatu juu ya boneti. Za kwanza zilikuwa kwenye mfuko mweupe usio na jina la mtengenezaji. Hizo nilizirudisha kabla hajafungua mdomo, maana kitu ambacho aliyekitengeneza ameona haya kukiandika jina lake, mimi nikifunge miguuni kwangu? Za pili zilikuwa za mashindano, zimepakwa rangi nyekundu, zinang'aa kama peremende. Za tatu zilikuwa za barabarani, za kampuni inayojulikana, ngumu kidogo kuliko zile gari lilizokuja nazo, rangi ya majivu, hazina mvuto wowote.

Mwenzangu mmoja shuleni, Mwalimu Geofrey, kijana wa Moshi aliyepangiwa kazi kwetu, alikuwa na gari pacha wa langu, jeupe, na alikuwa ameshafunga zile nyekundu. Zilionekana katikati ya rimu, na vijana wa mjini walikuwa wakiinama kuzitazama. Siku hiyo naye alikuwepo gereji.

"Mwalimu Devota, gari la spoti unalifungia pedi za mabibi?" akasema. "Chukua nyekundu. Hizi ndizo zenyewe."

"Nina bibi mmoja wa kupakia," nikamjibu. "Fundi, hizi nyekundu zikiwa baridi zinakuwaje?"

Hamisi akakuna kichwa. "Sitaki kukudanganya, Mwalimu. Ukifukuza gari siku nzima, hizi hazichoki kwa joto, zitakushika mpaka mkanda ukubane kifua. Lakini zinataka moto kwanza. Zikiwa baridi zinateleza. Hizi za barabarani ukizikimbiza kichaa zitanuka, ila zinakamata tangu asubuhi."

Nikachukua boksi la zile nyekundu nikasoma maandishi madogo ya nyuma, yale ambayo hakuna anayeyasoma. Yalisema kitu kile kile: ni za mashindano, zipashwe moto kabla ya kutumika. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na kwa haki niseme, hazikuwa mbaya. Zilikuwa nzuri mahali pengine, kwa mtu mwingine, anayezunguka uwanja mzima wa mashindano kabla hajahitaji kusimama. Mimi mteremko wangu unaanza mlangoni kwa mama, alfajiri, kwenye baridi ya Muyama. Ningezipashia moto wapi? Kwenye jiko la maharage?

Nikafunga za majivu, mbele na nyuma. Hamisi akakagua diski, akabadilisha na mafuta ya breki yaliyokuwa meusi kama kahawa, kisha akanionya nisizikanyage kwa nguvu siku ile. Pedi mpya na diski ni kama maharusi, alisema, waache wazoeane. Nikaenda nazo barabara tambarare ya kuelekea Titye, nikikimbia kiasi na kupunguza polepole bila kusimama kabisa, nikikimbia tena na kupunguza tena, kisha nikaliacha gari litembee bila breki mpaka zikapoa. Waliokuwa wakipalilia pembeni walidhani nimejifunza udereva jana. Nikawapungia mkono.

Mjini maneno hayakukosekana. Geofrey alinitania mbele ya walimu mpaka nikamwambia, "Basi njoo Muyama tulale huko, uje umwoneshe mama yangu mwenyewe." Akakubali, na alikubali kwa moyo mweupe, maana alikuwa anaziamini pedi zake.

Ndiyo asubuhi ile niliyoanza nayo. Magari mawili yalikuwa yamelala nje kwenye umande, jekundu na jeupe. Kando ya nyumba, upande usio na mteremko, pana uwanja wa mpira ulio sawa. Mama alitoka na majivu ya jikoni kwenye kibuyu kilichovunjika, akachora mstari uwanjani kwa mkono wake. "Mtakanyaga hapa," akasema, kisha akaenda mbele hatua zake mwenyewe, akachora wa pili. "Mtasimama kabla ya hapa." Hakuna aliyemfundisha. Akarudi mlangoni.

Geofrey akaanza. Mwendo wa kawaida tu, si wa kujionesha. Akakanyaga kwenye mstari wa kwanza, nikaona gari linaendelea, linaendelea, likapita majivu ya pili na kusimama karibu na goli. Akarudia. Likapita tena, kidogo. Akarudia mpaka moshi mwembamba ukatoka kwenye magurudumu, na safari hiyo lilisimama papo hapo, pua ikainama hadi chini.

"Sasa zimeamka!" akapiga kelele kwa furaha.

Mama akajibu kutoka mlangoni, kwa upole kabisa, "Na harusi itasubiri ziamke?"

Geofrey alicheka mpaka akaegemea gari lake. Namsifu kwa hilo, alikuwa mtu wa kucheka. Wiki iliyofuata aliziuza zile nyekundu kwa kijana wa Kigoma mjini anayekimbiza magari kweli, naye akafunga za mabibi.

Kisha zamu yangu. Nilikanyaga mara moja. Inzuki akasimama kabla ya mstari wa pili, kimya, bila kuyumba, na injini ilikuwa bado haijapata joto. Nikamtazama mama. Alitembea mpaka kwenye gurudumu, akainama akatazama nafasi iliyobaki kati ya tairi na majivu, akaipima kwa kiganja. Akaingia ndani kuwasha moto wa uji.

Siku ya harusi ilikuja na manyunyu. Mama akatoka na kitenge kipya na kilemba kilichofungwa na wanawake wa jirani, akaketi kiti cha mbele, mkono mmoja umeshika kishikio cha mlango. Nilifika ukingoni mwa mlima nikasimama, kama kawaida, nikasubiri agonge kioo. Mwavuli nilikuwa nimeshauandaa. Nilikuwa nimejiambia: akishuka, na mimi nashuka, nitamfunika mwavuli mpaka chini, na harusi itusamehe.

Hakugonga.

"Unasubiri nini?" akaniuliza, macho mbele. "Harusi ni leo."

Nikaweka gia ndogo. Tukateremka polepole, injini ikibeba uzito na breki ikisaidia, kona ya kwanza, kona ya pili. Kwenye kona ya tatu akatokea mwanaume anayesukuma baiskeli ya ndizi, mkungu mmoja umekatika kamba, amesimama katikati ya njia akiufunga. Nikakanyaga. Gari likasimama pale nilipotaka lisimame. Yule bwana akatusalimu, "Mwaramutse," kama kwamba hakuna lililotokea, na kweli hakuna lililotokea. Usione vyaelea, vimeundwa. Nikageuka kumtazama mama. Kilemba hakikusogea. Mkono wake ulikuwa umeachia kishikio, umelala kwenye mapaja.

Alikaa benchi la mbele, kitenge kikavu, kabla bibi harusi hajaingia. Na kila aliyekuja kumpa mkono alimwambia jambo hilo hilo: "Nimekuja na gari la binti yangu. Nimekaa ndani mpaka chini." Wageni walidhani anazungumza kuhusu gari. Ndugu zetu walielewa, na shangazi mmoja alilia. Nami nilisimama pembeni nimevimba kichwa, na sijutii.

Basi jibu lako, mwanangu, ni hili. Usichague pedi kwa barabara unayoiota, zichague kwa barabara unayopita kila siku, na kwa saa unayoipita. Kama ni ya kwenda kazini, sokoni na kwa mama, funga za barabarani, za jina linalojulikana, hata kama vumbi la kusagika kwake litachafua rimu zako. Rimu zinaoshwa. Za mashindano waachie wenye mashindano. Zifunge na diski nzima, zizoeshe kwa upole, na uzijaribu zikiwa baridi, mahali sawa pasipo na mtu, kabla hujampakia mtoto wa mwenzio. Na mtu akikuogopa barabarani usimcheke wala usimlazimishe. Muulize anaogopa nini, ukakishughulikie hicho. Kukimbia gari lilikuja nako kutoka Japani. Kusimama ndiko utakakosifiwa wewe.

Sasa nikuombee. Miaka michache baada ya harusi ile, nilikuwa nampeleka mama kliniki Kasulu, tunashuka mlima ule ule. Nilikuwa nazungumza naye, naye hajibu. Nikageuka kwa hofu. Mama alikuwa amesinzia, mdomo wazi kidogo, katikati ya mteremko. Sikutaka kumwamsha, nikanyamaza mpaka mtoni. Mungu akupe umri mrefu, akulinde na kona usizoziona, na akujalie gari ambalo mama yako atasinzia ndani yake mlimani.