Karatasi Chini ya Kopo la Penseli

Kwa miaka kumi na tisa msahihishaji yule alikuwa na chumba chake. Kilikuwa chembamba, na dirisha lake lilitazama ukuta wa jengo la jirani, lakini kilikuwa na mlango, na mlango ulifungika. Humo ndani alisoma vitabu vya shule kabla havijapigwa chapa, neno kwa neno, kalamu nyekundu mkononi, akiwinda herufi zilizopotea njia. Wenzake walimwita Bwana Nukta, kwa sababu hakuwa na dogo: hata ukiandika barua ya kuomba likizo, ikipita mikononi mwake inakurudia imejaa wino mwekundu. Jina halikumuudhi. Mkewe naye, akitaka kumtania, alimwita hivyohivyo.

Halafu akaja meneja mpya akabomoa kuta. Alisema watu wanaofanya kazi pamoja yafaa waonane. Mwezi haukupita, watu kumi na wanne wakajikuta ndani ya ukumbi mmoja, meza kwa meza, wametenganishwa na vibao visivyofika hata kidevuni. Bwana Nukta akayajua mambo ambayo hakuwahi kuomba kuyajua. Nani anatafuna mdomo wazi. Nani anagombana na mumewe kwenye simu kwa sauti ya kunong'ona. Nani anavua viatu chini ya meza baada ya chakula cha mchana. Sentensi moja alikuwa akiisoma mara nne, na kosa likampita vilevile.

Kilichomshinda kabisa kilikuwa kikohozi cha mchoraji.

Mchoraji alikuwa na umri wa miaka arobaini, mrefu, mpole, vidole vyeusi kwa risasi ya penseli. Punda na kuku na watoto wote wa vitabu vya darasa la kwanza walitoka mkononi mwake. Hakuwa na mke. Aliishi na dada yake. Meza yake ilikuwa nyuma ya Bwana Nukta, na ubavuni mwake alikaa Mama Pacha, mpangaji wa kurasa, mama mwenye kicheko kinachosikika mpaka kwenye ngazi. Hao wawili walielewana kupita kiasi. Saa nne walikunywa chai kwenye birika moja, wakitaniana kuhusu uzito wa huyu na upara wa yule.

Kikohozi kilianza kama mafua ya kawaida, lakini mafua yakaisha, chenyewe kikabaki. Kilikuwa kikavu. Kilikuja mara mbili kwa ufupi, kikanyamaza, halafu cha tatu kikavuta kwa muda mrefu kama mtu anayekokota meza. Siku moja Mama Pacha akamwambia mbele ya watu, "Wewe nawe, kikohozi chako kinaninyima hata kusikia mawazo yangu." Watu wakacheka, mchoraji mwenyewe akacheka, akaomba radhi kwa kuinamisha kichwa kama mwigizaji.

Bwana Nukta hakucheka. Jioni ile, wenzake walipokuwa wakikusanya mikoba, aliandika mistari mitatu kwenye kompyuta yake. "Tafadhali tuwafikirie wenzetu. Ukumbi huu ni wa wote. Mwenye kikohozi akakoholee nje." Hakuweka jina. Alichapisha karatasi, akaikunja mara mbili, akasubiri mchoraji aende kunawa mikono, akaisukumiza chini ya kopo lake la penseli. Alishuka ngazi akijiona mtu muungwana. Hakumfokea mtu wala hakumshtaki kwa meneja.

Kesho yake ukumbi ukawa na utulivu. Kila koo lilipomwasha, mchoraji aliinuka, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwenye ngazi za dharura, zile za chuma zilizo nje ya jengo, penye upepo mkali na harufu ya mapipa. Alikaa huko dakika tano, baadaye kumi, baadaye robo saa. Bwana Nukta alisahihisha kitabu kizima cha jiografia katika wiki moja. Aliona pia kwamba mchoraji hanywi tena chai na Mama Pacha. Mama wa watu alimimina vikombe viwili, kimoja kikapoa. Alimuuliza, "Nimekukosea nini?" Mchoraji akajibu, "Hakuna," akaendelea kuchora. Baada ya siku kadhaa Mama Pacha akaacha kumimina cha pili.

Bwana Nukta aliyaona yote hayo, na akili yake ilimwambia yametoka wapi. Alijiambia watu wazima hao watapatana wenyewe.

Mara moja tu walikutana kwenye zile ngazi. Alikuwa ametoka kutafuta hewa, akamkuta mchoraji ameegemea chuma, jasho usoni, leso imebanwa ngumini.

"Samahani mzee," mchoraji akasema, "nakupigia kelele hata huku."

"Hapana, hapana. Pole. Unakunywa dawa?"

"Dada ananichemshia majani." Akavuta pumzi taratibu. "Unajua, mzee, wewe ndiye mwenye adabu humu ndani. Mgongo wako uko pale mbele yangu kutwa, na hujawahi kunilalamikia. Wengine tunaowadhani ni marafiki, basi tena."

Hapo ndipo ilipokuwepo nafasi ya kukiri. Hakuitumia. Alisema, "Ugua pole," akarudi mezani kwake.

Miezi miwili baadaye mchoraji hakuja kazini. Siku ya nne meneja alisimama katikati ya ukumbi akatangaza kwamba amefariki hospitalini. Mapafu. Watu walishika midomo. Mmoja akasema, "Lakini si alishapona? Mbona alikuwa hakohoi tena?" Na wote wakakubaliana kwamba, kweli, hawakuwa wamemsikia akikohoa kwa muda mrefu. Kama wangekisikia kile kifua jinsi kilivyokuwa kikiharibika siku hadi siku, wangemburuta kwa daktari hata kwa nguvu. Mama Pacha asingekubali vinginevyo. Lakini kifua kiliharibikia nje, kikiwasumbua ndege tu.

Wiki moja baada ya mazishi, Bwana Nukta alikuwa ameinamia kitabu cha historia, asubuhi kweupe, jua limejaa madirishani. Akasikia nyuma yake mara mbili, kifupi. Kimya. Halafu cha tatu, kirefu.

Aligeuka. Kiti cha mchoraji kilikuwa kimesukumwa chini ya meza. Mama Pacha alikuwa anapanga kurasa, macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Umekohoa?" akamuuliza.

"Mimi? Hapana."

Kikarudi kesho yake, na keshokutwa. Hakikuwa na saa maalumu. Kilimjia anapopata utulivu tu, utulivu uleule aliokuwa ameutaka, kwa hiyo akaanza kuukimbia. Alikwaruza kiti makusudi, aliacha redio ndogo ikisema, aliomba wenzake wamsimulie habari za watoto wao. Wenzake wakashangaa: Bwana Nukta, mtu wa kushikilia kidole mdomoni, leo anataka soga. Nyumbani alipungua mpaka mkewe akamkazia mkanda kwa tundu jipya.

Kisha akaja dada wa mchoraji kuchukua vitu vya marehemu. Mwanamke mwembamba, kabeba boksi tupu. Alikusanya penseli, vifutio, miwani ya akiba. Kwenye droo ya chini alikuta karatasi iliyokunjwa mara mbili, imelainika kwenye mikunjo kwa kufunguliwa mara nyingi. Hakuonekana kushangaa kuiona. Aliiweka mbele ya Mama Pacha.

"Dada, nimekurudishia yako."

Mama Pacha akaisoma. "Hii si yangu."

"Aliniambia ni wewe. Siku ileile ulikuwa umemsema mbele ya watu."

"Nilimtania. Tulitaniana kila siku ya Mungu."

"Ndiyo. Ndiyo maana ilimwingia sana," dada akasema bila kupandisha sauti. Akabeba boksi lake akaondoka, karatasi akaiacha pale pale.

Ukumbi usio na kuta hauna siri. Kabla ya chakula cha mchana kila mtu alikuwa amelisikia neno lile, na kufikia jioni lilikuwa limeongezwa chumvi. Hakuna aliyemgombeza Mama Pacha. Walimsalimia kwa adabu mno, wakashusha sauti akipita, wakamwachia meza nzima jikoni. Kicheko chake kikakatika. Siku moja akamgeukia Bwana Nukta.

"Kaka, tumefanya kazi pamoja miaka kumi na moja. Wewe unaamini niliandika mimi?"

"Siamini," akajibu.

Mama Pacha akamtazama kidogo, kama anayengoja sentensi imalizike, kisha akaendelea na kazi yake. Kando yake kiti kitupu kikakohoa, na aliyesikia alikuwa mmoja tu.

Siku tisa alivumilia. Jioni ya siku ya tisa akamweleza mkewe yote. Mkewe alisikiliza huku akikunja nguo, akasema, "Sasa mimi unaniuliza nini? Jibu unalo, unatafuta mtu wa kukushikia." Asubuhi yake, kabla watu hawajawasha kompyuta, Bwana Nukta alisimama karibu na meza ya marehemu.

"Ile karatasi niliiandika mimi," alisema. "Mama Pacha hakujua lolote. Niliona anaachwa na rafiki yake, nikanyamaza. Niliona mnamtenga, nikanyamaza tena."

Mtu mmoja aliweka kikombe chini polepole sana. Mama Pacha ndiye aliyesema, na sauti yake haikuwa na hasira wala huruma.

"Nilijua siku ya tatu tangu niletewe. Karatasi nzima ina nafasi mbili baada ya kila sentensi. Hakuna mwingine humu anayepiga hivyo, na mimi nazifuta kwenye masahihisho unayonichapia miaka yote hii."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kuona utaniacha hivi mpaka lini." Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi. "Mpelekee dada yake. Sitakusindikiza."

Alikwenda mchana uleule. Dada alimkaribisha sebuleni, akamletea maji, kwa sababu jina lake alikuwa amelisikia. "Wewe ndiye yule mzee," akasema. "Kaka alikutaja sana. Alisema kuna mtu mmoja tu pale anayemstahi." Bwana Nukta akaishika glasi bila kunywa, akaeleza, kuanzia jioni ile ya mikoba mpaka asubuhi ile. Alipomaliza, dada aliweka mikono mapajani.

"Daktari alisema angewahi, angetibika," akasema hatimaye. "Lakini mimi nililala naye nyumba moja, nami nilichemsha majani tu. Kwa hiyo siwezi kukubebesha yote. Sehemu yako ubebe." Akanyoosha mkono. "Karatasi naomba ibaki hapa. Na yule mama mwambie nitakuja kumwomba radhi."

Alikuja kweli, akakaa na Mama Pacha karibu saa nzima, wakilia na kuzungumza, na ukumbi mzima ukatoka nje kuwapisha.

Bwana Nukta aliendelea na kazi pale miaka mitatu, mpaka alipostaafu. Hawakumfukuza wala hawakumtukana. Mama Pacha alimpa salamu ya asubuhi na kurasa za kusahihisha, basi. Mtu akipiga chafya, akishika kifua au akinyamaza kupita kawaida, Bwana Nukta alikuwa wa kwanza kumwendea mezani na kumuuliza hali, tena aliuliza mpaka akajibiwa vizuri; wengine waliona anachosha. Kile cha tatu, kirefu, aliendelea kukisikia siku mojamoja. Hakugeuka tena. Aliiweka kalamu chini, akangoja kiishe, kisha akatafuta pale alipokuwa ameachia kusoma.