Nilikataa tairi laini kwa sababu ya chama cha fundi

Wakuu, asalaam aleikum.

Mie bibi wa wajukuu tisa, nakaa Madungu hapa Chake Chake, Pemba. Shule niliishia darasa la nne, lakini akili sikuiacha huko. Ntakayosema yamenifika mwenyewe, wallahi.

Goti langu la kulia lilikuwa halikunjiki. Mwaka mzima nasali kitini. Mie! Niliyezaa saba na kulima mpunga, nakaa kitini kama mgeni wa harusi.

Daktari akasema nipige baiskeli, ila nisitoke njiani, nikianguka ndio basi tena. Mwanangu wa Maskati akaniletea kile chuma cha kubania gurudumu la nyuma. Tairi linagusa rola, kibomba cha chuma kinachozunguka, unapiga pedeli, ukuta uko pale pale.

Baiskeli ya marehemu mume wangu ilikuwepo. Tairi la nyuma ndio limepasuka.

Sasa hapa ndio penyewe.

Mwenye matairi siku ile alikuwa Fundi Khamis peke yake, na Khamis ni wa chama kile tunachoshindana nacho kwenye kura. Wa Pemba mnanielewa. Kuna miaka huku hatukununuliana hata chumvi, na maziko tulikuwa tukipitana. Kibanda chake nimekipita miaka bila salamu.

Nkamweleza. Akanitolea tairi laini, halina hata jino moja.

"Bi mkubwa, kwa kazi ya ndani chukua hili."

Nkamtazama. Nkasema moyoni, huyu kanijua mie wa upande gani, anantupia tairi lililokwisha.

"Kipara unacho wewe kichwani, kinatosha. Nipe la meno!"

Wachukuzi wa samaki wa Tumbe wanapakia matenga mpaka baiskeli inalia, na wote wanataka meno. Wao wajinga?

Akanifungia la meno.

Nyumbani nkapanda. Loh! Nyumba ikanguruma kama mashine ya kukoboa mpunga, vikombe vikacheza kabatini. Siku ya tatu goti limevimba kama fenesi, na chini ya gurudumu pana unga mweusi.

Nkajua tu. Kaniwekea kitu ndani ya tairi.

Nkafukiza ubani. Asya, mke wa mwanangu ninayekaa naye, akachukua ufagio.

"Mama, hilo tairi linalika tu."

"Ati? Na wewe ushahamia chama kile?"

Akacheka. Mie sikucheka.

Nkaufunga ule unga kwenye karatasi, nkaburura tairi na goti langu mpaka kibandani, nimuumbue mbele za watu.

Khamis akaunusa. "Mpira huu, bi mkubwa."

Akachukua bomba la chuma, akapitisha tairi langu juu yake. Gdu, gdu, gdu. Akapitisha lile laini. Kimya.

"Meno ni ya kushika mchanga. Chumbani kwako kuna mchanga gani?"

Watu wakacheka, na wa upande wetu wamo.

Nkalishika vizuri lile laini. Jipya, vinyweleo vya kiwandani bado vimesimama. Nkalichukua. Akalijaza upepo likawa gumu, akasema nisiache kulipima, likilegea litateleza kwenye rola na kuchomeka.

Wakuu, haya ndio niliyojifunza: tairi la ndani liwe laini, gumu kwa upepo, na likae humo humo ndani. Na kadi ya chama haizibi pancha.

Khamis kwa kura simwamini mpaka leo. Kwa matairi namwamini.

Baada ya miezi ya kupiga pedeli kila siku, Ijumaa iliyopita alfajiri nimesujudu chini. Paji la uso limegusa mkeka. Nikakaa pale pale, nikakaa, mpaka Asya akaja mbio akidhani nimezimia.

Enhe, na nyie semeni. Nani alimkatalia fundi kwa siasa, na goti la nani lililipa?