Neno Alilolivusha Eufrasia

Eufrasia hakusomea ukalimani. Alimaliza darasa la saba Ujiji, akaolewa na mvuvi wa Kagunga, na mwaka ule wa 2015 Warundi waliokimbia machafuko kwao walipofurika ufukweni, mtendaji wa kijiji alimwita kwa sababu moja tu: mama yake ni Muha wa Mwamgongo, kwa hiyo Kirundi atakisikia. Kukisikia alikisikia, maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Lakini Kiha chake kilikuwa cha likizo, cha kwa bibi. Hata ndoto aliziota kwa Kiswahili.

Asubuhi hiyo alikuwa ndani ya turubai walimohojiwa watoto wakimbizi, maziwa yamemjaa kifuani, roho juu juu. Mwanawe Isaka alikuwa nje kwa Mama Saumu muuza uji, na kila mtoto aliyelia kule nje alimnyanyua Eufrasia kwenye kiti.

"Tulia, Mama Isaka," Sia alimwambia. Sia alikuwa afisa ustawi wa jamii, Mchaga aliyehamishiwa Kigoma. "Ukihangaika wewe, na mtoto atahangaika."

Mtoto mwenyewe alikuwa Domitila, wa miaka saba hivi, miguu haifiki chini. Nesi aliyempima uzito alikuta mgongoni alama za moto, nyingine mbichi. Sia alitaka kujua ni nani aliyemchoma, na alitaka kujua kabla ya mchana. Mchana meli ingepakia watu kwenda mjini, na Domitila akipanda na mtu huyo, kumpata tena katika umati ule ingekuwa kazi.

"Usimpe majibu," Sia alimkumbusha. "Usiseme kapigwa, usiseme kachomwa. Muulize mgongoni kulikuwaje. Kisha nyamaza."

Kunyamaza ndiko kulikomshinda. Kwao mtoto akiinamisha kichwa unamvuta kifuani. Eufrasia aliuliza, kisha akaikalia mikono yake. Domitila akachezea pindo la gauni, akakuna goti. Nje mtoto akalia. Si Isaka. Mwishowe msichana akasema kwa sauti ndogo kwamba ni *data wacu*, na kijiko kilichotiwa motoni.

"Anasema ni baba yetu," Eufrasia akadakia. "Kwa kijiko cha moto."

Sia akatoka kumwita polisi.

Baba alikuwa pale pale nje. Nikodemu, mtu mrefu mwenye shati lililochanika kola, alishika kikombe cha uji alichomnunulia binti yake. Polisi alimkamata mkono na uji ukamwagika wote.

"Kikombe changu hicho, afande!" Mama Saumu akapiga kelele.

Nikodemu hakubisha. Aliuliza tu mtoto wake yuko wapi. Domitila aliisikia sauti, akachomoka turubaini, akamng'ang'ania mguu.

"*Data! Data!*"

Eufrasia akaganda. Huyu kamwita *data*, basi. Ile *wacu* imekwenda wapi? Ujiji mtoto akisema baba yetu, ni baba yao. Kwa Warundi je?

"Dada Sia, nadhani nimekosea."

"Kwa sababu anamkumbatia? Watoto humkumbatia hata anayewaumiza. Nimeshayaona."

"Si kumkumbatia. Ni neno."

"Mkalimani gani huyu," polisi akacheka, "Kirundi chenyewe cha kuazima!"

Sia hakucheka. Alimtazama Eufrasia, akamtazama Nikodemu, akamshika mtoto mkono na kumrudisha ndani.

"Tusimtajie baba kabisa. Muulize kwao wanalala nani na nani."

Domitila akahesabu kwa vidole. *Data*. *Data wacu*. Na yeye mwenyewe.

Vidole vitatu. Eufrasia akamuuliza *data wacu* ni nani.

Feliksi, mtoto akajibu, kana kwamba kila mtu anajua. Mdogo wake *data*.

"Baba mdogo," Eufrasia akasema. "Nilikwambia baba yetu, kumbe ni baba mdogo."

"Haya. Mwambie atusimulie habari za Feliksi. Zozote. Na unyamaze."

Safari hii alinyamaza mpaka kifua kikamuuma. Domitila akasimulia: *data* akienda kupanga foleni ya maji, Feliksi huwa na hasira. Siku ile ya kijiko yeye alimwaga maharage.

Feliksi alikutwa kwenye foleni ya meli, amejitwika godoro la familia. Polisi akamkamata yeye, akamwachia Nikodemu. Sia akamweleza yote, na Eufrasia akayatafsiri, neno kwa neno, akiuliza kila asilolijua. Nikodemu alisikiliza amechuchumaa, mtoto katikati ya magoti yake. Kisha akafunika uso na kulia. Yule alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Mchana baba na binti wakapanda meli wawili tu.

"Mwingine aingie," Sia akaita.

"Subiri, dada." Eufrasia alikuwa bado amesimama. "Yule mvulana wa juzi, mwenye mkono uliovunjika. Naye alisema *data wacu*."

"Na wewe ukasema?"

"Baba yetu."

Sia akaketi taratibu. "Baba yake tulimpeleka mahabusu mjini."

"Na mtoto mkampa nani?"

"Baba yake mdogo." Sia alikuwa ameshainuka, anauliza nje kwa sauti kuu ni boti gani inayoondoka sasa hivi, na Eufrasia anamfunga Isaka mgongoni.