Kikwembe Langoni

Katika mtaa wetu wa Kalemie, karibu na reli, palikuwa na kiwanja kimoja tu kisicho na mawe. Kila Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, wavulana walikichukua. Sisi wasichana tulibaki na mafagio. Mimi nilikuwa kipa, na kipa asiye na lango ni mtu aliyesimama tu.

Tulipolalamika, mkuu wa vijana wa chama tawala alikata shauri: tucheze nao, na mshindi achukue kiwanja.

Tulianza mazoezi na kaptula za kaka zetu. Nahodha wa wavulana akakimbia kutushitaki.

"Sitwayen," alisema, yaani mwananchi, maana miaka hiyo ya Zaire neno Bwana lilikuwa limekatazwa, "hawa mabinti wanavaa kaptula. Otantisite iko wapi?"

Otantisite ilikuwa siasa ya kurudia asili, nayo ilimkataza mwanamke kuvaa suruali. Mkuu alifikiri. Kaptula, alisema, ni suruali ambayo haijakomaa. Tutacheza na vikwembe, yaani vitenge vyetu vya kujifunga kiunoni hadi vifundoni.

Wavulana walicheka mpaka siku ya mechi.

Siku hiyo nahodha alipiga shuti la kwanza chini, katikati ya miguu yangu. Mpira uliingia kwenye kikwembe ukatulia humo kama mtoto aliyebebwa. Shuti la pili, vilevile. Sikuonyesha kipaji chochote. Nilitanua miguu tu.

"Sitwayen, huyu si kipa, huyu njo ukuta!"

"Ni vazi la taifa," alijibu mkuu, ambaye pia alikuwa refa. "Unalipinga?"

Nahodha alirudi mahali pake.

Wakati wa mapumziko wavulana walikwenda mbio makwao, wakarudi wamejifunga vikwembe vya mama zao. Lakini kukimbia na kikwembe kuna ufundi wake: unashika pindo kwa mkono mmoja na kufupisha hatua. Sisi tuliujua tangu utotoni. Wao walianguka mmoja mmoja, taratibu, kama magunia yanayoshushwa bandarini.

Mara mama wa kipa wao akaingia uwanjani.

"Weye! Hicho njo kikwembe changu cha misa!"

"Mama, ngoja kwanza, mupira unakuja!"

"Mupira njo ulikuzaa? Leta!"

Alivuta. Kipa alizunguka kama pia, akabaki na kaptula. Mpira wetu, uliokuwa ukija polepole, ukapita katikati ya miguu yake.

"Sitwayen, kuna mama uwanjani!" nahodha alilalamika.

"Mama haotei," alisema mkuu. "Bao."

Kwa bao hilo moja kiwanja kikawa chetu. Wavulana walikataa kucheza nasi tena mpaka tuvae kaptula, na nahodha yule yule alikwenda kutuombea ruhusa. Mkuu alimkatalia. Basi tuligawanyika timu mbili, kikwembe kimoja lango hili, kingine lango lile. Wavulana walikaa pembeni na mafagio yao, wakingoja bao la kumaliza mechi ndipo waingie wao. Jumamosi zote nilizosimama pale, halikuingia hata moja.