Mzee Niliyemfuta Kwenye Orodha ya Chakula

Nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha kina mama huko Kakuyuni kwa sababu nilifundisha chekechea na mwandiko wangu ulisomeka. Shirika moja dogo lilipotangaza ruzuku kwa vikundi vya vijijini, niliijaza fomu nikiwa nimekalia kiti cha watoto, magoti karibu yanifike kidevuni. Tuliomba bomba la maji, mbegu na masufuria. Tukaahidi kulima mboga na mihogo, na mara mbili kwa wiki kuwapikia chakula cha mchana wazee waliobaki peke yao.

Tulipewa. Ukame ulikuwa umetuchosha, na siku maji yalipotoka bombani, mwenyekiti wetu, mama mtu mzima asiyependa kuonekana akilia, aligeuka akajifanya anatafuta jembe.

Orodha ya wazee niliiandika mimi. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja, zamani mgema, aliyeishi kwenye kibanda pembeni mwa mikorosho baada ya wanawe kumfukuza. Wajukuu wake wawili walikufa kwa homa msimu mmoja wa mvua, naye kichwa kilikuwa kimejaa mvi. Kwetu hayo mawili yakikutana yanatosha mtu kuitwa mchawi. Nilijua anavyosemwa, nikamwandika hata hivyo. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kumpelekea chakula, nilikipeleka mwenyewe.

"Shikamoo, babu," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Onja kwanza wewe."

Nilidhani anaogopa sumu. Kumbe alitaka kuona kama nitakula naye chombo kimoja. Nilimega tonge la sima, nikachovya kwenye kunde za nazi, nikala. Ndipo naye akanawa mikono.

Baada ya wiki kadhaa alinipa mzigo wa vijiti vya mihogo vya kupanda, kavifunga vizuri kwa ukindu. "Sina kingine cha kuwapa," alisema. Niliwaambia wenzangu vimetoka kwa nani. Hakuna aliyejibu, nami nikauchukua ukimya wao kuwa ridhaa. Tukapanda matuta mawili, na mihogo ile ikastawi kuliko yote shambani.

Kisha mtoto wa mwenzetu mmoja, aliyekuwa akicheza kati ya matuta yale, akashikwa na degedege. Hospitalini Malindi walisema ni malaria. Alitibiwa, akapona. Lakini kabla hajarudishwa nyumbani, nilifika shambani nikakuta mihogo ile imeng'olewa na kurundikwa. Mizizi ilikuwa bado myembamba kama vidole. Kwa kuwa ilikuwa mibichi, haikushika moto, basi wenzangu wakaongeza makuti na mafuta ya taa. Nilisimama nikiangalia kikundi kilichopewa msaada wa chakula kikichoma chakula.

Mwenyekiti alinivuta kando. "Katibu, lifute jina lake."

"Mama, ni malaria. Daktari amesema."

"Najua ni malaria," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini wenzetu wameapa hawatapika tena sufuria ambamo yule anapakuliwa. Hao wazee wengine utawalisha wewe peke yako?"

Daftari lilikuwa mkobani mwangu. Nikalitoa, nikapiga mstari.

Siku ya chakula iliyofuata nilikwenda kwake mikono mitupu. Alikuwa amekaa mlangoni.

"Nimeuona moshi," alisema.

"Nisamehe, babu."

"Wewe uliniletea. Sasa nenda, wasije wakakuona hapa."

Niliapa nitampelekea cha nyumbani kwangu. Nikafanya hivyo mara tatu. Mara ya nne mume wangu aliniuliza kama nimewafikiria watoto wetu, nami nikakiweka chini kikapu. Nikisema mume wangu alinikataza nitakuwa namsingizia. Nilikuwa nimechoka kuogopa, na swali lake lilinipa pa kujificha.

Mzee alifariki kiangazi cha mwaka huo. Wanawake waliokwenda kuokota korosho ndio waliomkuta. Kama ilikuwa njaa au maradhi, hakuna aliyeuliza. Maziko hayakuwa na watu, na mimi pia sikwenda.

Shirika lilipotuma binti mmoja kutukagua, alipiga picha za mchicha na kuwasalimu wazee. Akauliza kwa nini jina moja limekatwa.

"Huyo alifariki," mwenyekiti alijibu.

Ilikuwa kweli. Niliiandika hivyo hivyo kwenye ripoti, na ruzuku ya pili ikaja. Shamba lipo hadi leo na wazee wanakula. Siwezi kusema tungepaswa kuwaacha na njaa ili mimi nibaki na moyo safi. Wala siwezi kusema nilifanya haki.

Mimi na mwenyekiti hatukulizungumza jambo hilo, isipokuwa asubuhi moja tulipokuwa tukichuma kunde, yeye tuta lake na mimi langu.

"Alikuwa akila vizuri yule mzee?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Alikuwa akimaliza yote," nilimwambia.

Aliendelea kuchuma mpaka mwisho wa tuta, kisha akaniambia anajisikia vibaya, akaenda nyumbani.