Mdomo wa Saksafoni Aliouchagua Bibi

Harufu ya chuma baridi kilichopashwa joto kwapani, mnaijua? Mimi naijua. Juzi nilifungua kabati la marehemu baba, nikakuta saksafoni yake imelala sandukuni, na ule mdomo wa chuma, yaani kile kipande cha kupulizia, umefungwa kwenye leso. Nikaunusa. Jamani, nilikaa chini nikalia kama mtoto.

Baba alikuwa mkulima wa ngano na maharage kule Tumati, na Jumapili alipiga saksafoni katika bendi ya kanisa. Mdomo wake wa zamani ulikuwa mweusi, wa plastiki, na sauti yake laini. Ikivuka tu uwanja wa kanisa, upepo umeshaimeza. Baba alitaka sauti ivuke bonde. Ng'ambo, juu ya kilima, ndiko alikokaa bibi, mama yake, ambaye miguu ilikuwa imemshinda na kanisani hafiki tena. Fundi mmoja wa Babati akampa midomo miwili ya chuma, mmoja wa njano na mmoja mweupe, aijaribu, kisha arudishe mmoja. Wazee wa kanisa walinuna, eti hayo ni mambo ya disko. Mmoja akamuuliza, "Kwani Mungu ni kiziwi?"

"Simpigii Mungu peke yake," baba akajibu. "Nampigia na mama."

Nikatumwa mimi kwa bibi. Simu zilikuwa bado hazijafika kwetu. Baba angepiga wimbo uleule mara mbili, kwanza kwa mdomo wa njano, halafu kwa mweupe. Bibi achague, nami nipeperushe kitenge kama ni wa njano, shuka jeupe kama ni mweupe. Kaka yangu alilia kwa wivu, maana yeye ndiye aliyekuwa na mbio, lakini baba alishikilia niende mimi.

Bibi alikuwa mkali wa heshima, asikwambie mtu. Shikamoo ya kurusha kutoka mlangoni, au nyuma ya mgongo wake, hakuiitikia kabisa. Ilibidi uende mbele yake, umtazame, ndipo useme. Hapo marahaba yake ilikuwa ndefu na tamu. Nikamweleza shughuli yote uso kwa uso. Akanisimamisha nje ya mlango, akaweka kigoda mbele yangu, akakaa ameligeuzia bonde mgongo.

Wa njano ukalia kwanza. Mama wee! Hata ndama waliinua vichwa. Ulifika, ndiyo, lakini ulikuwa unapayuka tu. Kukawa kimya, nilijua baba anaupasha ule mweupe kwapani, maana baridi ya asubuhi ile ilikuwa inauma hadi kwenye meno. Kisha wimbo ukaja tena, chini kidogo, mzito, na humo nikamsikia baba mwenyewe, vile alivyokuwa akiniita jioni nirudi nyumbani. Nusura niitike. Bibi hakugeuka hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi.

"Huo," akasema.

"Lakini bibi, wa kwanza ndio uliovuma zaidi."

"Nimesema huo. Peperusha shuka."

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, nilitumwa kukaa na bibi pale mlangoni wakati baba akipiga kuelekea kilimani. Nilidhani napelekwa kumchangamsha tu.

Nilishakuwa mtu mzima, na bibi ametutoka siku nyingi, shangazi aliponiambia huku akicheka kwamba mama yao aliacha kusikia hata radi zamani, kabla ya midomo ile kuletwa, na hakutaka watu wajue. Maneno aliyasoma usoni mwa mtu. Nikaenda kwa baba nikijiona nampelekea msiba. Alikuwa anachambua maharage; nilipomwambia, wala hakuinua kichwa.

"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana sikumtuma kaka yako. Yule uso wake mkavu. Wewe ukisikia kitu, kinaonekana."

Sasa naupasha mdomo huu kwapani kama alivyofanya yeye, na kupiga siwezi. Natamani kitu kimoja tu: nisimame tena pale mlangoni, baba apige kutoka ng'ambo, na bibi anitazame usoni, akimsikiliza mwanawe.