Ukuta wa Soko la Garsen

Maziwa ya utoto wangu yalinukia moshi. Kabla jua halijapanda, harufu hiyo ilikuwa imeshajaa uwanja wote wa soko la Garsen, nyuma ya maduka ya njia panda ambako magari ya Malindi, Lamu na Hola hupishana. Akina mama wa Kiorma walifika na vibuyu vilivyofukizwa kwa miti ya porini, na sisi Wapokomo tukaja na mama zetu kutoka Idsowe, ndizi na mahindi mabichi kichwani, matope ya mto bado miguuni. Siku hizi nina kibanda papo hapo, nauza mitumba, na hasira inayonipanda kila asubuhi ninapofungua mlango huanzia puani. Harufu ile haipo.

Wakubwa walisema soko lile halina mpangilio. Uongo mtupu! Mpangilio ulikuwepo, ila haukuandikwa popote. Kila muuza maziwa aliketi bega kwa bega na mwanamke wa shamba, na wawili hao walikuwa wenza wa miaka. Mama na mwenza wake, Halima, walirithi mkeka wao kwa mama zao. Sheria ilikuwa moja: kilichokuja sokoni hakirudi nyumbani. Jua likipinduka, maziwa yaliyobaki yalimiminwa kwenye sufuria ya mama, na ndizi zilizobaki zikaingia kwenye kikapu cha Halima. Hakuna aliyepima. Wakati wa likizo mimi ndiye niliyebeba sufuria ile hadi nyumbani, nikilamba povu njiani na kudanganya kwamba limemwagika.

Lakini maziwa na ndizi vilikuwa kisingizio tu. Kazi kubwa ya mkeka ule ilikuwa maneno. Ng'ombe wakiingia shambani usiku, mama hakwenda kwa chifu wala hakuwaambia wajomba zangu. Alimsubiri Halima. "Mwenzangu," angesema huku akipanga ndizi, "jana nimepata wageni wenye pembe." Halima angeshika kichwa. "Wallahi, hiyo ng'ombe ya mzee wangu haina adabu. Mimi nasema na yeye leo leo." Kabla ya magharibi mumewe angefika shambani, fimbo mabegani, akatazama uharibifu na kuelewana na baba. Wajomba zangu, ambao hasira zao zilikuwa karibu kama kiberiti mfukoni, waliisikia habari ikiwa imeshapoa.

Kisha, katika kiangazi kirefu nilipokuwa darasa la tano, likafunguliwa soko jipya. Lilikuwa na paa la mabati, meza za saruji na ukuta wa matofali katikati, maziwa huku, mazao kule, eti kwa ajili ya usafi. Meza zenyewe zilikuwa ndefu hata mama akawa anauza amesimama kama mtu anayesubiri hukumu. Hakuna aliyewauliza wanawake wale kwa nini walikaa walivyokaa. Na hicho ndicho kiangazi ambacho mifugo yote ya nyikani ilikuwa ikikimbilia mtoni, ikipita mashambani mwetu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta kwanza, ufa ukafuata.

Asubuhi moja tulikuta mahindi yamelala chini yote, alama za kwato zimejaa hadi mlangoni mwa jiko. Mama aliwaambia wajomba wasubiri, aongee na mwenzake kwanza. Sokoni aliacha ndizi mezani, akauzunguka ukuta, nami nyuma yake. Mlangoni askari wa soko akapuliza filimbi.

"Mama, wewe ni wa mazao. Rudi sehemu yako."

"Nina neno moja tu na Halima, mwanangu."

"Maneno mkaseme nyumbani. Hapa ni biashara."

Nyumbani! Boma la Halima lilikuwa mbali, ng'ambo ya nyika, na mama hakuwahi kuhitaji kulijua kwa sababu mkeka ulitosha. Alirudi mezani kwenye ndizi zake. Jioni wajomba wakamuuliza Halima amesemaje. Akawaambia hakumfikia, na kesho yake wakaenda polisi kumshtaki mfugaji waliyemjua. Mume wa Halima alichukuliwa na polisi mbele ya watoto wake.

Halima alikuja mwenyewe hadi meza ya mama, na safari hii yule askari hakuthubutu kupuliza filimbi yake. Alisimama, maana pa kukaa hapakuwepo. "Mama Jillo," alisema, akimwita kwa jina la kaka yangu, yeye ambaye siku zote alimwita mwenzangu. "Miaka yote hii, habari ya mzee wangu mimi napata kwa polisi?"

"Nilikuja, mwenzangu. Nilifukuzwa mlangoni."

"Ungeita. Sauti yako mimi najua."

Halima akajifunika shela akaondoka, na hakuonekana tena Garsen. Tulisikia wamehamisha mifugo upande wa Wenje. Siku ile kikapu cha mama kilirudi nyumbani kimejaa ndizi. Alikataa zipikwe. Zikaozea jikoni, na inzi wakatusumbua juma zima.

Juzi tuliitwa kwenye mkutano wa kupanua soko. Kijana mmoja mwenye shati lililonyooka alibandika mchoro wenye kuta nyingi zaidi: samaki, mboga, maziwa, nafaka. Nikanyoosha mkono, nikaeleza habari ya mkeka. "Dada, hiyo ni mila," alinijibu kwa upole ulioniudhi kuliko tusi. "Hapa tunazungumzia maendeleo." Watu wakapiga makofi. Sikio la kufa halisikii dawa. Niliondoka kabla ya soda kugawiwa, nikapita dukani kumnunulia mama maziwa ya pakiti, kwa kuwa mimi nami sina mwenza upande ule wa ukuta.

Mama amezeeka na macho yamefifia, lakini pua yake ni ileile. Kila jioni hukiinua kikombe cha chai, akakinusa, akakirudisha juu ya stuli. "Haya maziwa yametoka kwa nani?" huniuliza. Nami, mfanyabiashara wa Garsen, sina jina la kumtajia.